Mark 4, Mauser na Mosin: bunduki kuukuu ipi ni bora, na bora kwa nani?

Haya, leo naipumzisha PHP na hifadhidata zake. Naandika juu ya mashine nyingine, kongwe kuliko kompyuta, ambayo nikiisoma naiona kama programu nzuri ya zamani: iliandikwa na watu waliojua kazi yao, ikarekebishwa mara nyingi na watu waliokuwa na haraka, na bado inafanya kazi mahali ambapo haikupaswa kuwa tena. Nasema bunduki za kijeshi za zamani, zile za kuvuta komeo kwa mkono kila baada ya risasi moja. Huku kwetu Kakamega mzee yeyote aliyewahi kuvaa sare ataielewa ukimwambia jina moja tu: Mark 4.

Kabla hujaniuliza, similiki hata moja na sina mpango. Kenya tuna Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na bila cheti cha Bodi ya Leseni za Silaha hutagusa hata bastola. Marekani ni hadithi nyingine. Mwenzangu wa kazi hii aliye kule, mtu wa kuandika programu kama mimi, miaka ya 2000 aliweza kuingia dukani na kutoka na Mosin-Nagant ya Kirusi kwa chini ya dola 100, ikiwa bado imepakwa grisi nzito ya ghalani. Ndiyo maana intaneti imejaa majedwali ya kulinganisha bunduki hizi: uzito, urefu, idadi ya risasi, kasi. Nimeyasoma mengi. Mengi yanafanana na yale majedwali ya kulinganisha simu: kila namba ni sahihi, na mwisho wake hujui ununue ipi.

Basi nitoe msimamo wangu mapema. Kwa ufundi, Mauser 98 ndiyo bora. Kwa askari aliye vitani, Lee-Enfield ndiyo bora. Kwa mfugaji wa Baringo au Turkana aliyepewa moja ili alinde kijiji chake mwaka huu wa leo, hakuna iliyo bora, na hapo ndipo nina ugomvi.

Tuanze na ufundi. Komeo la bunduki ni kama komeo la mlango: unalisukuma mbele linaingiza risasi, unalizungusha linajifunga, unafyatua, unalifungua, ganda linatoka. Swali kubwa ni hili: linajifungia wapi? Mauser ya 1898 hujifungia mbele kabisa, nyuma tu ya risasi, kwa meno mawili makubwa, na jino la tatu la akiba liko nyuma iwapo yale mawili yatashindwa. Lee-Enfield hujifungia nyuma, mbali na risasi. Ukimuuliza fundi yeyote atakwambia kufunga mbele ni imara zaidi, kwa sababu chuma kinachobeba mshindo ni kifupi na hakipati nafasi ya kujinyonga. Mauser pia ina kucha ndefu inayoishika risasi tangu inapotoka kwenye ghala lake hadi ganda linaporushwa nje. Haiachi kitu kwa bahati. Ni msimbo unaokagua kila hatua kabla ya kwenda inayofuata.

Ubora huo haukufichika. Wamarekani walipotengeneza Springfield yao ya 1903 waliazima mambo mengi mno ya Mauser, hata serikali yao ikailipa kampuni hiyo dola 200,000 kwa ajili ya hataza. (Anayesema kesi za hataza zilianza na simu za mkononi, asome historia.) Na hapa Afrika Mashariki, wawindaji wa zamani waliishi kwa Mauser. W. D. M. Bell, yule Mskoti aliyeitwa “Karamojo” kwa sababu ya kuwinda kwake Karamoja, aliua ndovu zaidi ya 1,000 katika maisha yake, wengi kwa bunduki ndogo ya Rigby yenye komeo la Mauser na risasi ya milimita 7. Mimi simsifu kwa ndovu hao. Nasema tu kwamba mtu anayesimama hatua chache kutoka kwa mnyama wa tani tano hachagui mashine inayokwama.

Sasa Lee-Enfield. Aliyebuni komeo lake, James Paris Lee, alizaliwa Scotland, akalelewa Canada, akafanyia kazi Marekani. Enfield ni kiwanda cha serikali kaskazini ya London. Ilianza kama Lee-Metford mwaka 1888, ikawa Lee-Enfield 1895, ikafupishwa 1903, ikaboreshwa 1907, ikaja Namba 4 wakati wa Vita Kuu ya Pili. Hiyo Namba 4 ndiyo Mark 4 yetu. Ukiitazama kwa macho ya fundi wa Kijerumani utaikuta na makosa. Lakini shika hesabu tatu tu.

Ya kwanza: inabeba risasi 10. Mauser inabeba 5, Mosin 5. Ya pili: komeo lake unalizungusha nyuzi 60 tu badala ya 90, kwa hiyo mkono hauhitaji kwenda mbali na jicho halihitaji kuondoka kwenye shabaha. Ya tatu: springi hukazwa unapolisukuma komeo mbele, si unapolifungua, kwa hiyo kufungua ni kwepesi hata bunduki ikiwa moto na chafu. Ukijumlisha hayo unapata askari wa Uingereza wa mwaka 1914 ambaye zoezi lake la kawaida lilimtaka apige risasi 15 zilizolengwa kwa dakika moja, umbali wa yadi 300. Wapo waliopiga zaidi ya hizo. Kwa bunduki ya kuvuta kwa mkono!

Kasoro yake kubwa ni ya kurithi, na hii watu wa kompyuta wataipenda. Risasi ya .303 ilianza mwaka 1888 ikiwa na baruti nyeusi, na kitako chake kina ukingo uliojitokeza nje, kama sahani ndogo. Ukizipanga vibaya, ukingo wa risasi ya juu ukakaa nyuma ya ukingo wa ile ya chini, zinashikana, na komeo likisukuma, hakuna kinachokwenda. Risasi ya Mauser haina ukingo huo. Waingereza walilijua tatizo. Baada ya Makaburu kuwatesa kwa Mauser katika vita vya 1899 hadi 1902, waliamua kuandika kila kitu upya: bunduki mpya ya muundo wa Mauser, risasi mpya isiyo na ukingo. Wakaifanyia majaribio mwaka 1913. Mwaka 1914 vita vikaanza na mradi ukafungiwa kabatini, kwa kuwa huwezi kubadilisha risasi ya dola nzima huku unapigana. Bunduki ile mpya ikatengenezwa Marekani, lakini ikiwa imerudishwa kwenye .303 ileile ya zamani. Nani hajafanya kazi ofisini akaona mradi kama huu? Unapanga mfumo mpya, bosi anasema “ndiyo”, kisha linatokea la dharura, na miaka 40 baadaye watu bado wanatumia faili la muundo uleule wa kwanza.

Wakanada wao walikuwa na Ross, iliyovutwa moja kwa moja bila kuzungushwa. Kwenye mashindano ya shabaha ilikuwa malkia. Kwenye matope ya Ypres mwaka 1915 ilikwama, na wanajeshi wakawa wanaokota Lee-Enfield za Waingereza waliokufa. Sina la kuongeza juu ya Ross.

Na Mosin? Mosin-Nagant ya 1891 ni traktari. Komeo gumu, usalama wake unahitaji kidole cha fundi wa matofali, lakini zilitengenezwa milioni 37 hivi na haikuhitaji mtu aliyesoma sana kuitunza. Nayo risasi yake ina ukingo, ila Warusi waliweka kipande kidogo cha chuma kinachozizuia risasi zisipandane, yaani walilimaliza tatizo kwa kiraka, na kiraka kikafanya kazi. Cha ajabu ni kwamba risasi hiyo ya 1891 bado inatumika jeshini hadi leo, kwa sababu Warusi waliendelea kuunda silaha mpya kwa ajili yake, kama bunduki ya mtambo ya PKM. Bunduki ilistaafu, risasi ikabaki kazini. Likumbuke hilo, maana ndilo ninalolifikia sasa.

Majedwali ya kwenye intaneti yanasahau kwamba bunduki bila risasi ni rungu la bei ghali. Na hakuna mahali duniani palipolionyesha hili vizuri kuliko hapa kwetu, katika vita vya 1914 hadi 1918.

Vita vilipoanza, wengi wa askari wa Schutztruppe ya Wajerumani kule Tanganyika hawakuwa na Mauser 98 kabisa. Walikuwa na bunduki ya muundo wa 1871, ya risasi moja moja, yenye baruti nyeusi. Ukipiga, wingu la moshi linapanda juu ya kichwa chako na kumwonyesha adui mahali ulipo. Kisha Novemba 1914 Waingereza wakatua Tanga na jeshi kutoka India, wakashindwa vibaya, wakakimbilia melini na kuacha vitu vyao ufukoni. Paul von Lettow-Vorbeck mwenyewe ameandika kwamba bunduki za kisasa alizookota zilitosha kombania tatu, pamoja na risasi 600,000 na bunduki za mtambo 16.

Aprili 1915 ikaja meli ya Rubens kutoka Ujerumani, imejificha chini ya bendera ya Denmark, imebeba silaha na mamilioni ya risasi. Manowari ya Uingereza, Hyacinth, ikaikuta na kuipiga kwenye ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Waingereza wakadhani imekwisha. Kumbe mzigo ulikuwa chini ya maji yasiyo na kina. Wajerumani na askari wao wakapiga mbizi, wakaopoa Mauser na masanduku ya risasi. Maji ya chumvi yalikuwa yameingia, hivyo risasi zilibidi zifunguliwe, baruti ianikwe, zifungwe tena. Nyingi hazikulipuka. Fikiria upo Mahiwa, una bunduki bora kuliko zote duniani kwa ufundi, unafyatua, unasikia “tik”.

Sasa tazama mwisho wake. Novemba 1917 Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma hadi Ngomano, akaivamia kambi ya Wareno, akachukua bunduki zao na risasi. Akaendelea hivyo mwaka mzima. Aliposalimu amri huko Abercorn, siku hizi Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, alikabidhi bunduki 1,071. Zilikuwa za Kiingereza na za Kireno. Jeshi la Kijerumani, katika nchi ya kwao Mauser, lilimaliza vita likiwa limebeba silaha za adui, kwa kuwa risasi zilizopatikana zilikuwa za adui. Wangeshikilia Mauser zao kwa sababu ya lile jino la tatu, wangesalimu amri mwaka mmoja kabla.

Hapa ndipo jawabu langu linapotoka. Lee-Enfield haikushinda kwa komeo lake peke yake. Ilishinda kwa kuwa risasi ileile ya .303 iliingia Nairobi, Entebbe, Bombay, Sydney na Cairo, na bunduki ileile ikatengenezwa Enfield, Lithgow kule Australia, Ishapore kule India, Long Branch kule Canada, na hata Marekani kwenye kiwanda cha Savage. Takriban milioni 17 kwa jumla. Ukiniuliza kama mtu wa programu, nitachagua mfumo wenye kasoro zinazojulikana na wenye watumiaji kila mahali kuliko ule mzuri usio na vipuri.

Miaka ya dharura, 1952 kwenda mbele, .303 ilikuwa mikononi mwa jeshi la King's African Rifles, polisi na mahomugadi. Wapiganaji wa Mau Mau msituni walizipata chache, hasa za kuiba au kuteka. Waliobaki walijitengenezea: kipande cha bomba la maji kuwa mtutu, kipande cha mti kuwa kitako, komeo la mlango, ndiyo, komeo la mlango halisi la dukani, na mpira wa tyubu ya gari badala ya springi. Nilisema hapo juu kwamba komeo la bunduki ni kama komeo la mlango. Wale walilichukua neno kama lilivyo. Nyingine zilipasuka usoni mwa mwenye kuzishika. Hata hivyo mimi nikizitazama picha zake nasema hawa ndio wahandisi. Walikuwa na risasi ya .303 moja moja ya kuokota, na wakaijengea mashine kuizunguka.

Sasa ugomvi wangu.

Uingereza iliianza kuiondoa .303 jeshini mwaka 1957. Kwetu Mark 4 haikustaafu. Ilishuka ngazi. Kutoka jeshini ikaenda kwa polisi, kutoka polisi ikaenda kwa Polisi wa Utawala, kwa askari wa wanyama na misitu, halafu kwa Polisi wa Akiba, wale wanavijiji wa Turkana, Baringo, Samburu na Pokot Magharibi wanaopewa bunduki na serikali ili wajilinde na wezi wa mifugo, kwa miaka mingi bila mshahara. Kila ofisi ilipopata kompyuta mpya iliipeleka ile ya zamani kwa ofisi ndogo zaidi, na ya mwisho kabisa ikaipata shule ya msingi. Ndivyo ilivyokuwa.

Jirani yangu mmoja, mzee aliyestaafu Polisi wa Utawala, alibeba Mark 4 kaskazini miaka ya themanini. Nilimuuliza kama ilikuwa bunduki nzuri. “Kijana wangu,” akasema, “ile bunduki haikuwahi kunikosea. Tatizo ni kwamba mimi nilikuwa nasema neno moja, na yule wa ng'ambo anasema thelathini.” Thelathini ni magazini ya AK-47.

Mtu wa majedwali atajibu kwamba katika nchi tambarare kama Turkana, .303 inafika mbali kuliko AK, na mpigaji mzuri wa Mark 4 kwenye mita 500 ana faida. Ni kweli kabisa, kwenye karatasi. Lakini yule askari wa 1914 aliyepiga risasi 15 kwa dakika alikuwa amepiga maelfu ya risasi za mazoezi, analipwa, na nyuma yake kuna kombania nzima. Mwanakijiji anapewa bunduki iliyo na umri wa babu yake, mtutu uliolika, na risasi za kuhesabu mkononi. Hakupewa Lee-Enfield ya vitabuni. Alipewa jina lake tu. Na wezi hawaji mita 500. Wanakuja alfajiri, kando ya boma.

Kuna hoja ya pili, nayo ni nzito zaidi, kwamba kuwapa silaha ya polepole ni usalama: wakiasi au wakigombana na jirani, madhara yatakuwa madogo. Naielewa. Lakini basi tuseme wazi kwamba hatuwaamini, na tusiwatume mbele. Ukimtuma mtu akapambane na AK, mpe silaha inayolingana, risasi zinazotoka kiwandani Eldoret, mafunzo na mshahara. Ukiwa huwezi, tuma polisi wenyewe. Hili la katikati, la kumpa bunduki ya makumbusho na kumwita askari, silikubali. Mwaka 2019 serikali ilianza kuzikusanya silaha za Polisi wa Akiba ili kuwakagua upya, na vijiji vingine vikabaki vitupu kabisa huku wezi wakiwa na zao. Hapo ndipo utasikia mtu akiililia hata Mark 4, na simlaumu.

Zilizobaki zifanyweje? Wapo watakaosema ziuzwe kwa watozaji wa nje, maana Lee-Enfield yenye historia ya Afrika Mashariki ingepata bei. Sipendi. Kila bunduki inayosafiri ni bunduki inayoweza kupotea njiani, na kanda hii imepoteza za kutosha: ghala la Moroto lilipovunjwa mwaka 1979, baada ya Amin kuanguka, Karamoja ilijaa silaha na haijapona hadi leo. Novemba 2016 Kenya ilichoma silaha 5,250 kule Ngong. Ziendelee kuchomwa, bila machozi, hata zile zenye mbao nzuri za walnati.

Ila kabla ya kuwasha moto, mtu mwenye daftari azipitie. Mark 4 imechongwa tarehe na kiwanda pembeni, na zile zilizopitia idara zetu mara nyingi zina namba na alama zilizogongwa baadaye kwenye kitako. Hiyo ni data, na ikiyeyuka hairudi. Piga picha, andika namba, hifadhi faili mahali pawili. Kisha chagua chache, kila aina moja: ya 1871 ya moshi, Mauser, Mark 4, na ile ya komeo la mlango. Toboa mitutu, chomelea makomeo yasifunguke, ziwekwe makumbusho ambapo mtoto wa shule anaweza kuzishika na kusikia uzito wake wa kilo nne. Sanamu za askari za Nairobi na Dar es Salaam zimezishika bunduki zao tangu miaka ya 1920, lakini zile ni za shaba.